Maisha ya Sheikh Husein al-Jisr wa Tarabulus, na Jawabu Lake kwa Wasemao Viumbe Vimegeuka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo na kumfundisha asiyoyajua. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Katika miji ya Handeni na Korogwe, na katika vijiji vya Wazigua na Wabondei vilivyo huku na huku ya mto Ruvu, watoto wengi wa Kiislamu husoma mahali pawili. Mchana huenda shule, na jioni huenda chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani. Shuleni, kwa miaka mingi, kijana wa kidato cha kwanza amefundishwa katika somo la historia kwamba asili ya binadamu ni viumbe vya zamani vilivyogeuka kidogo kidogo, na akifika kidato cha nne husomeshwa jambo hilo tena katika elimu ya viumbe, naye huulizwa katika mtihani. Chuoni amekwisha kuhifadhi tangu utoto kwamba baba wa watu wote ni Nabii Adam, amani imshukie, aliyeumbwa kwa udongo na kupuliziwa roho. Basi siku moja humwuliza mwalimu wake wa chuo: katika haya mawili, lipi la kweli?

Wako walimu ambao jawabu yao ni bakora. Wako wanyamazao. Wako wamwitao mzee wa mtoto na kumshauri amtoe shule kabla hajaharibika. Na kijana aliyechapwa hataliuliza swali lile mara ya pili, lakini lisidhaniwe kuwa limekufa; limehama tu, limetoka ulimini likaingia moyoni, na huko mwalimu hana njia ya kulifikia.

Swali hili si geni. Zaidi ya miaka 130 iliyopita lilimkabili mwanachuoni mmoja wa nchi ya Sham, naye alikuwa mwalimu wa watoto kama walivyo walimu wa chuo wa Handeni na Korogwe, wala hakuchukua bakora. Huyo ndiye Sheikh Husein bin Muhammad al-Jisr wa mji wa Tarabulus, ambao Wazungu huuita Tripoli, nao leo umo katika dola ya Lebanon.

Alizaliwa mwaka 1845, sawa na mwaka 1261 wa Hijra. Asili ya jamaa zake ilikuwa Dumyat katika Misri, na jina lao al-Jisr maana yake ni daraja. Baba yake, Sheikh Muhammad al-Jisr, alikuwa shehe mkubwa wa tarika ya Khalwatiyya, mtu wa dhikri na ibada, ambaye watu walimsimulia kwa karama. Alifariki mtoto angali mchanga, kwa hivyo Husein alikua yatima katika malezi ya ami yake. Akasoma Kurani na misingi ya dini hapo hapo mjini kwao, kama wasomavyo watoto wote.

Hata alipotimiza miaka kumi na saba, katika mwaka 1862, alisafiri kwenda Misri kusoma katika msikiti wa Azhar. Zama zile Misri ilikuwa katika mageuzi makubwa. Kiwanda cha kuchapa vitabu cha Bulaq kilikuwa kikitoa vitabu vya zamani na vipya, shule za tiba na za uhandisi zilikuwa zimekwisha kuanzishwa, na mfereji wa Suez ulikuwa ukichimbwa. Ndani ya Azhar yenyewe masomo yalikuwa yale yale ya karne nyingi: nahau, fikihi, usuli, mantiki na tauhidi. Lakini palikuwapo shehe mmoja, Husein al-Marsafi, kipofu wa macho, ambaye baadaye alisomesha katika Dar al-Ulum iliyoasisiwa Cairo mwaka 1872. Shehe huyu alipenda elimu ya kale wala hakuiogopa elimu mpya. Kijana wa Tarabulus alimwandama sana, na athari ya mwalimu huyo ilionekana kwake mpaka mwisho wa umri wake. Alikaa Misri miaka mitano, kisha akarudi kwao mwaka 1867, akaketi kusomesha.

Ili kazi yake ifahamike, yapasa kwanza ijulikane hali aliyoikuta. Katika miji ya Sham mapadre wa Kifaransa na wa Kiamerika walikuwa wakifungua shule moja baada ya moja. Mwaka 1866 Wamarekani walifungua mjini Beirut chuo kikubwa, chenye kufundisha tiba, hisabati na elimu ya maumbile kwa lugha ya Kiarabu. Aliyetaka mwanawe awe tabibu au karani hakuwa na mahali pengine pa kumpeleka, na hapo alipompeleka alijua kuwa mtoto atasikilizishwa Injili. Basi Waislamu wengine waliwapeleka watoto wao kwa hofu, na wengine waliwazuia, wakabaki nyuma wakiwatazama jirani zao wakipanda daraja.

Watu wa Handeni na Korogwe watalitambua jambo hili upesi, kwani ndilo lililowapata wazee wao. Magila na Korogwe yenyewe palikuwa na misheni ya Waingereza tangu karne ya kumi na tisa, na shule ikaandamana na kanisa. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaleta makarani na kazi zenye kutaka kusoma na kuandika kwa herufi za Kizungu. Serikali ya Wadachi ilikuwa na shule yake Tanga isiyofundisha dini, na Waislamu wa pwani waliingia humo. Lakini bara, kwa muda mrefu, kusoma shule kulikuwa ni kusoma kwa padre. Hata serikali ya Tanzania ilipozitwaa shule za misheni, kuanzia miaka ya 1969 na 1970, shaka ile ya wazee haikuondoka kwa siku moja. Na mpaka leo mzee akisikia kwamba mwanawe amefundishwa habari ya nyani, fikira yake ya kwanza huirudia shaka ile ya zamani: kwamba shule ni mtego.

Sheikh Husein hakuridhika na kuzuia, wala hakuridhika na kuachia. Karibu na mwaka 1880 alifungua mjini Tarabulus shule aliyoiita al-Madrasa al-Wataniyya, yaani Shule ya Nchi. Humo zilifundishwa fikihi na tauhidi na lugha ya Kiarabu, na pamoja nazo Kituruki, Kifaransa, hisabati, jiografia na elimu ya maumbile. Mtoto hakulazimika kwenda mahali pawili ili apate dini na dunia, bali yote aliyapata chini ya dari moja, na mwalimu aliyemsomesha sala alijua kile alichosomeshwa kijana yule saa moja kabla. Mmoja wa waliosoma kwake alikuwa kijana wa kijiji cha Qalamun kilicho karibu na mji, jina lake Muhammad Rashid Rida, na habari zake zitakuja.

Shule hii haikudumu. Kwa kanuni za dola ya Uthmaniyya, mwanafunzi wa elimu ya dini alisamehewa kuandikwa jeshini. Maofisa waliitazama shule ya Sheikh Husein, wakaona humo Kifaransa na hisabati, wakakataa kuihesabu kuwa shule ya dini. Wazazi waliogopa watoto wao kuchukuliwa askari, shule ikapungukiwa na watu, kisha ikafungwa. Jambo hili ni la kusikitisha, na lina kinaya ndani yake: mwanachuoni wa Azhar, mwana wa shehe wa tarika, aliambiwa na makarani wa Sultani kwamba mahali pafundishwapo Kurani si pa dini kwa sababu hufundishwa hesabu pia. Na yaonekana mawazo ya makarani wale hayana tofauti kubwa na ya yule asemaye leo kwamba mwalimu wa chuo hana haja ya kujua kilichomo katika kitabu cha shule.

Mwaka 1882 Sheikh Husein aliitwa Beirut kuiongoza shule nyingine ya Waislamu, al-Madrasa al-Sultaniyya. Alikaa huko kama mwaka mmoja, kisha akarejea kwao. Lakini mwaka huo wa 1882 ndio mwaka ambao Beirut ilitikiswa na jambo lenyewe.

Hapa yafaa kueleza maneno ya Darwin ni yapi, kwani wengi wayapingao hawayajui. Charles Darwin, Mwingereza, alitoa kitabu chake mwaka 1859. Alisema kwamba aina za wanyama na mimea hazikuwa hivi zilivyo tangu mwanzo. Katika kila kizazi huzaliwa viumbe vyenye tofauti ndogo ndogo, na kile chenye sifa ya kukifaa mahali kilipo huishi na kuzaa zaidi, na kisichokuwa nayo hutangulia kufa, hata baada ya vizazi vingi mno sifa ile huenea na aina ikageuka. Alisema kuwa viumbe vifananavyo vina asili moja, kama jamaa wa ukoo mmoja waliotawanyika. Mvuvi wa Ruvu anajua kuwa perege wa maji haya si sawa kabisa na perege wa maji yale. Na wataalamu mwaka 1955 walimwandika perege mmoja wa mito hii kuwa ni aina peke yake, wakampa jina la Korogwe. Tofauti za namna hiyo ndizo alizozitazama Darwin katika ndege wa visiwa vya mbali, akauliza zilitoka wapi. Mwaka 1871 akatoa kitabu kingine, akamwingiza na binadamu katika hukumu hiyo hiyo. Wala yeye hakusema kwamba mtu ni mwana wa nyani huyu anayeiba mahindi mashambani Handeni, bali kwamba mtu na nyani wana babu wa zamani mmoja ambaye hayuko tena. Mwenye kutaka kuyakataa maneno haya, na ayakatae yenyewe, asikatae yale ambayo hayakusemwa.

Darwin alifariki mwezi wa Aprili 1882. Mwezi wa Julai mwaka ule ule, katika chuo cha Wamarekani cha Beirut, mwalimu mmoja wa kemia na elimu ya miamba, Edwin Lewis, alitoa hotuba kwa wanafunzi waliomaliza masomo, na ndani yake akamtaja Darwin kwa sifa katika wenye kutafuta elimu kwa uangalifu. Hotuba ilichapwa katika gazeti la al-Muqtataf. Wakubwa wa chuo, ambao walikuwa watu wa misheni, walikasirika, na Lewis akalazimika kuacha kazi. Wanafunzi wa tiba waligoma, na baadhi ya walimu wakajiuzulu. Yasomwapo haya, Mwislamu asifanye haraka kuwacheka Wakristo waliomfukuza mwalimu wao, kwani lau mwalimu wa madrasa yoyote ya pwani angalisema maneno kama yale, yumkini asingelala na kazi yake.

Baada ya hapo likaja kundi la upande wa pili. Mwaka 1884 tabibu Shibli Shumayyil, aliyekuwa amesoma katika chuo kile kile, alitoa kwa Kiarabu kitabu cha Mjerumani Büchner, chenye kusema kwamba hakuna kitu ila maada, kwamba maada haina mwanzo, na kwamba mageuko ya viumbe ni hoja ya kuonyesha kuwa haihitajiki kumtaja Muumba. Hawa ndio watu wa Dahri, ambao maulamaa wa zamani waliwajua na kuwajibu. Safari hii walikuja wamevaa nguo mpya.

Basi vijana wa Kiislamu wa Sham walisimama kati ya milango miwili: mmoja unasema jambo hili lisitajwe kabisa, na mwingine unasema alijuaye hamhitaji Mola. Sheikh Husein alikaa akaandika. Mwaka 1888, sawa na mwaka 1306 wa Hijra, kitabu chake kikachapwa Beirut, naye akakiita al-Risala al-Hamidiyya kwa jina la Sultani Abdulhamid. Ni kitabu kikubwa kilichokusudiwa kueleza ukweli wa dini ya Kiislamu na wa sharia ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Ndani yake aliwapanga watu makundi makundi, kila kundi likaijia dini kwa njia yake na kuridhika kwa hoja inayolifaa, na kundi la mwisho alilifanya kuwa la hao wenye kuamini maada peke yake. Hao hakuwatukana. Aliyaeleza maneno yao kwanza, kwa urefu na kwa uadilifu, kisha akaingia kuyapima.

Mizani aliyopimia ni ile aijuayo kila aliyesoma usuli. Dalili ni mbili: ya yakini, isiyoweza kuwa vingine, na ya dhana, yenye nguvu au yenye udhaifu lakini yenye nafasi ya kuwa vingine. Maneno ya Kurani huchukuliwa kwa maana yake ya dhahiri, wala dhahiri haiachwi kwa ajili ya dhana. Lakini ikisimama dalili ya akili ya yakini, iliyo kinyume cha dhahiri ile, hujulikana kwamba dhahiri siyo iliyokusudiwa, na aya hufasiriwa kwa maana nyingine inayokubaliwa na lugha. Kwani haki haigombani na haki. Kanuni hii siyo aliyoizusha yeye. Imam Ghazali, mkubwa katika wakubwa wa madhehebu ya Shafi'i, aliionya umma tangu zaidi ya miaka 900 iliyopita kwamba mwenye kukataa hesabu za kupatwa kwa jua na mwezi, akidhani ainusuru dini, ameidhuru kuliko adui yake. Kwani ajuaye hesabu hataishuku hesabu, ataishuku dini iliyoambiwa kuwa ni kinyume chake.

Kwa mizani hiyo Sheikh Husein alitenga mambo matatu, na katika kutenga huku ndiko ulipo ubora wa kazi yake. Jambo la kwanza ni kwamba maada haina mwanzo. Hili alilikataa kabisa, kwa hoja za watu wa tauhidi, kwani kila chenye kugeuka kimeanza, na kilichoanza kina aliyekianzisha. Hapo hapana suluhu.

Jambo la pili ni kuumbwa kwa aina za wanyama na mimea: ziliumbwa kila moja peke yake, au moja ilitolewa katika nyingine kidogo kidogo? Alisema kwamba yote mawili yako katika uweza wa Mwenyezi Mungu, na lolote katika hayo mawili ni dalili ya Muumba kwa mwenye akili. Mtoto tumboni huumbwa kwa daraja, tone kisha pande la damu kisha pande la nyama, kama ilivyofundisha Kurani yenyewe, na hakuna Mwislamu aliyesema kwamba kwa kuwa ana daraja basi hakuumbwa. Mkulima wa Handeni huona mhindi unatoka katika punje, na punje katika mvua na ardhi, wala hamshukuru punje. Sababu zote ni ada tu aliyoipitisha Mola, na anayezijua sababu hakumwondoa mwenye kuzisababisha. Hata hivyo, Sheikh alisema kwamba dhahiri ya maneno ya dini ni kuumbwa kila aina peke yake, na kwamba hoja zilizomfikia zilikuwa za dhana, kwa hivyo hakuona ruhusa ya kuiacha dhahiri. Na kama siku moja yakini itasimama, basi mlango wa kufasiri u wazi, na dini haitavunjika.

Jambo la tatu ni mwanadamu. Hapa alishika kwa nguvu zaidi, kwa sababu habari za Adam zimekuja kwa uwazi usiokuwa katika habari za wanyama, naye akasimama juu ya kuumbwa kwa Adam kwa udongo.

Haya yasichukuliwe kuwa Sheikh alimaliza kila kitu. Yeye hakujua lugha za Kizungu, na kitabu cha Darwin hakikuwa kimefasiriwa kwa Kiarabu. Sehemu yake ya kwanza ilifasiriwa Misri mwaka 1918, Sheikh akiwa kaburini. Aliyoyajua aliyapata katika magazeti na vitabu vya Kiarabu vya wakati wake. Na tangu siku zake hoja zimeongezeka sana. Hapa Tanzania penyewe, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alifukua fuvu la kale katika bonde la Olduvai, na katika mwaka 1978 zikaonekana nyayo za Laetoli, ambazo wataalamu wazihesabu kuwa za miaka milioni tatu na nusu na zaidi. Kisha ikaja elimu ya urithi uliomo ndani ya chembe za mwili. Wataalamu wa elimu ya viumbe leo hawaitazami habari ya mageuko kuwa ni dhana dhaifu, bali ndio msingi wa elimu yao. Maulamaa wa Kiislamu wamekhitalifiana: wako wanaokataa yote, na wako wanaokubali katika wanyama na mimea na kumtoa Adam katika hukumu hiyo, kwa kuwa kuumbwa kwake ni muujiza, na muujiza haupimwi kwa mifupa. Lakini mwalimu anayesimama leo mbele ya kijana wa Korogwe na kukariri hukumu ya mwaka 1888, kwamba hoja ni haba, huyo hakumfuata Sheikh Husein ijapokuwa ametamka maneno yake. Sheikh alizipima hoja za wakati wake. Anayemfuata hana budi kuzipima za wakati wake.

Kitabu kilienea kwa upesi. Kilifasiriwa kwa Kituruki na kwa lugha ya Waislamu wa Hindi, na Sultani akamwalika Sheikh Stambuli na kumtukuza. Alikaa huko kwa muda, kisha akarudi Tarabulus kwa wanafunzi wake. Aliandika pia kitabu cha tauhidi kwa wanafunzi, al-Husun al-Hamidiyya, na tangu mwaka 1893 lilipotokea gazeti la mji wao akawa mwandishi wake mkubwa, akaandika juu ya malezi na elimu na kazi za mikono, maneno ambayo baadaye yalikusanywa katika vitabu.

Mwanafunzi wake Rashid Rida alitoka Sham kwenda Misri mwisho wa mwaka 1897, na mwaka uliofuata akaanzisha gazeti la al-Manar. Mwalimu hakuyapenda yote aliyoyaona humo. Rida alizishambulia tarika kwa ukali, na Sheikh Husein alikuwa mwana wa tarika. Akamlaumu, na moyo wa mwanafunzi ukaumia. Lakini al-Manar ilivuka bahari ikafika Mombasa na Unguja, na mmoja wa walioisoma kwa hamu alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891. Huyo mwaka 1930 alitoa karatasi yake ya Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la al-Islah, akawahimiza Waislamu wa pwani wawe na shule zao zenye elimu ya dini na ya dunia pamoja, wala wasiwaachie watoto wao mikononi mwa misheni, wala wasiwaache wajinga. Alifariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hivyo fikira iliyofungiwa mlango na makarani wa Tarabulus ilisafiri kutoka mkono hadi mkono mpaka ikafika pwani ya Waswahili.

Sheikh Husein al-Jisr alifariki mjini kwao mwaka 1909, sawa na mwaka 1327 wa Hijra. Aliacha wana. Mmoja, Muhammad, alikuwa mkuu wa baraza la kutunga sheria la Lebanon. Mwingine, Nadim, aliyekuwa na miaka kumi na miwili tu babake alipofariki, alisoma hata akawa Mufti wa Tarabulus, na mwaka 1961 alitoa kitabu alichokiita Kisa cha Imani. Ndani yake kuna kijana wa Hindi aliyejaa shaka, ambaye maswali yake yamewachosha walimu wake. Anatoka kwao, anakwenda mbali kumtafuta shehe mmoja mzee, na yule shehe anamkaribisha, anaanza kumsomesha falsafa na elimu ya maumbile na Kurani kwa pamoja. Na wanapofika kwenye habari ya Darwin, shehe anamfungulia al-Risala al-Hamidiyya.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Wallahu aalam.